Chembe za Newala Nazo Zina Mkia

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru, ingawa nimejiuliza zaidi ya mara moja ni nani kati yenu aliyeona kwamba mtu aliyemaliza kazi ya kusubiri vipimo anahitaji saa. Nimeitundika sebuleni. Asubuhi naitazama, nakumbuka kwamba hakuna sampuli inayoningoja, kisha naenda kumwagilia mchicha.

Siku ile pia mliniuliza swali. Mliuliza yule mama aliyekuja na sufuria ya ming'oko ni nani, na kwa nini alisimama mbele ya wageni akala ming'oko mikavu bila tone la maji, huku yeye anacheka na mimi nalia. Jibu ni refu na linaanzia Masasi. Nimekaa kuliandika kwa ajili yenu mliobaki kwenye viti vile virefu visivyo na mgongo. Vyeo na mishahara sitavigusa, vya kwangu havikuwa na habari ya kusimulia. Hospitali nazo sizitaji, waliokuwepo wanazijua.

Nilizaliwa Lupaso, katikati ya mikorosho. Msimu wa mabibo, majirani walipokamua uraka, mimi nilivutiwa na povu kuliko kinywaji chenyewe. Baba yangu, Mwislamu asiye na mzaha katika jambo hilo, alinifukuza kwenye mapipa yale mara nyingi akidhani nanusa pombe. Kweli nilikuwa nanusa, lakini nilichotaka ni kujua nani anakichemsha kitu kile bila moto. Miaka baadaye, chuoni, mwalimu akatuwekea tone chini ya hadubini na kusema hii ni hamira. Nikaona vichembe vya mviringo vimetulia, kila kimoja kinachipua kitoto ubavuni. Ndio hao waliokuwa kwenye mapipa ya Lupaso. Nilifurahi mno, nikataka baba awepo aone kwamba sikuwa mlevi.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa Masasi, chini ya Mama Anjela, mkuu wa maabara, mwenyeji wa Kilimanjaro aliyeletwa kusini na serikali akakataa kuondoka. Siku niliyoripoti, alinitazama kucha kabla ya vyeti. Vyeti akaviweka pembeni, kucha akanituma nikazikate. Alikuwa mkali, na ukali wake ulikuwa na ratiba: asubuhi aligomba kuhusu usafi, mchana kuhusu haraka. Jioni alikuwa mtu mwema kabisa, anakugawia karanga.

Yeye ndiye aliyenifundisha kipimo cha mkia. Aliniwekea slaidi akauliza, “Unamjua huyu?”

“Fangasi, mama. Kandida.”

“Kandida nani? Ukoo wao ni mkubwa. Ukiniambia umemwona mtu wa ukoo fulani, ndio nimjue ni yupi?”

Kwa watakaosoma wasio wa maabara nieleze. Kandida ni ndugu wa hamira, anaishi mdomoni na tumboni mwa watu wengi bila kumsumbua mtu. Mwili ukidhoofika, au sukari ikipanda, anageuka mkorofi. Yule wa kawaida, anayeonekana mara nyingi, kwa kawaida anasikia vidonge vyetu vya fangasi. Baadhi ya ndugu zake ukiwapa vidonge hivyo hawana habari navyo. Wote wakiwa wametulia ni mviringo, huwezi kuwatofautisha kwa sura. Lakini yule wa kawaida ana tabia yake. Ukimtia kwenye seramu, yale maji ya njano yanayobaki juu damu ikishaganda, na ukampa joto la mwili wa mtu, baada ya saa mbili na kitu anaacha uduara wake na kutoa mkia mrefu mwembamba. Ndugu zake wanabaki mviringo.

“Chukua kidogo kwa ncha ya kijiti,” alisema Mama Anjela. “Kidogo! Hukorogi uji. Ukijaza, hazitoi mkia.”

“Kwa nini, mama?”

“Sijui. Hazitoi.”

Hilo ndilo nililompendea. Alichokijua alikisema, na asichokijua alikisema vilevile, kwa sauti ileile. Kisha akanionyesha jambo la mwisho: nitazame pale mkia unapoanzia. Pakiwa pamebanwa kama kiuno cha nyigu, huo si mkia wa kweli, ni watoto wamepangana foleni. Mkia wa kweli unatoka moja kwa moja ubavuni mwa mama yake, hauna kiuno. Nilipouona wa kwanza nikapiga kelele. Mama Anjela hakuinua hata kichwa. “Hapa si harusini,” alisema.

Umeme wa siku hizo mnausikia tu kwa wakubwa wenu. Ukikatika, inkubeta yetu, ile ya kuzipa tyubu joto, ilikuwa kabati tu. Mama Anjela hakubabaika. Alipanga tyubu kwenye rafu ya dirishani, chini ya bati, zikapate joto la mchana wa Masasi. “Masasi yenyewe inkubeta,” alisema, na kwa miezi mingi ya mwaka alikuwa sahihi. Mikia ilitoka vizuri. Wote tuliopita mikononi mwake tulijifunza rafu ile, na wengi walipohamishiwa vituo vingine waliondoka nayo kichwani, bila kulikumbuka bati wala lile jua.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Newala, juu. Nilifika mwezi wa sita nimevaa kigauni cha Masasi na ushungi mwepesi. Watu wa mbali hawaamini kwamba mkoani Mtwara kuna mahali ukungu unaingia ndani kupitia dirishani asubuhi na mtu anakwenda sokoni amejifunga blanketi. Maabara ilikuwa chumba safi, chenye sakafu ya saruji inayouma miguu kwa baridi, na inkubeta iliyokufa ikisubiri kifaa kutoka Dar es Salaam. Ilikuwa inakisubiri tangu kabla sijafika, na iliendelea kukisubiri kwa uvumilivu mkubwa.

Mwenzangu pale alikuwa Baba Rehema, Mmakonde wa Mnyambe, mwembamba, na sweta la kijani lisilovuliwa. Naye alipitia Masasi kwa Mama Anjela, na kwa kupaka slaidi ya malaria sijaona wa kumfikia mpaka leo. Siku za mwanzo alinizungusha, akanionyesha kila kitu kilipo, kisha akasema, “Ila Mama Salima, huku juu usijisumbue na kipimo cha mkia. Fangasi wa huku hawana mkia.”

“Hawana?”

“Hawana. Wenye mikia ni wa huko bondeni kwenu.”

Mimi Mmakua na yeye Mmakonde, nikadhani ananitania. Nikamjibu kwamba hata fangasi wakifika Newala wanakata tamaa. Hakucheka. Alikuwa anamaanisha. Kila aliyetoka Masasi kuja pale alifanya kipimo kile, akakuta viduara vitupu, na kila mmoja akamwachia mwenziwe maelezo. Wengine walisema ni maji ya mlimani. Wengine walisema ni udongo, mbona hata muhogo wa huku una ladha nyingine? Na kwa kuwa fangasi wa mdomoni kwa kawaida hutibiwa kwa kutazamwa tu, bila maabara, hakuna mgonjwa aliyewahi kuumia kwa imani ile. Mpaka alipoletwa Mama Ajira.

Aliletwa na bintiye, Ajira, kutoka Chilangala. Mwanamke wa rika langu, mkulima wa korosho, mikono mikubwa, na mwili uliopukutika mpaka kanga inamzunguka mara mbili. Alikuwa na sukari ya muda mrefu, na figo zake zilikuwa zimeanza kuchoka. Mdomo na koo vilikuwa vimefunikwa na utando mweupe. Hamezi. Uji alikuwa anaupokea kijiko kwa kijiko, na kila kijiko anafumba macho kabla hakijashuka.

Nilikwenda wodini kuchukua sampuli mwenyewe. Akanitazama ninavyokaribisha kijiti chenye pamba. “Mama, hicho nacho nimeze?” aliuliza kwa sauti ya kukwaruza.

“Hapana, hiki kinakuja kuchungulia tu.”

“Basi kichungulie vizuri. Mie nataka kula ming'oko. Nikipona ntakula mikavu, bila maji, na we' uje unitazame.”

Nikamwambia nitakuja. Mnaijua ming'oko, mizizi ile ya porini tunayoichemsha na chumvi. Hata mtu mwenye koo zima huimezea maji. Nikarudi maabara nimebeba maneno yake pamoja na sampuli.

Ilipoota kwenye sahani ya kuoteshea, Baba Rehema aliiweka kwenye seramu, akaitega, akaisoma. Hakuna mkia. Jibu likaenda kwa Daktari Marwa, kijana wa Mara aliyekuwa anapita wodini na jaketi la mvua hata siku isiyo na mvua. Hakurudisha karatasi kwa mhudumu. Alikuja mwenyewe.

“Shikamoo, Mama Salima.”

“Marahaba, daktari. Karibu.”

“Naomba mnieleze, maana hapa nina njia mbili. Huyu mama ameshanunua vile vidonge madukani mara kadhaa, anapata nafuu, utando unarudi. Kama ni fangasi wa kawaida, nitajua hakumeza dozi ya kutosha. Nitampa dozi kamili, tutashusha sukari, atapona hapahapa. Kama ni yule asiyesikia vidonge, dawa inayobaki ni ya dripu, na ile inapiga figo. Kwa figo zake siithubutu hapa. Itabidi asafiri Dar es Salaam. Na kwa hali niliyomwacha nayo sasa hivi, mama, safari yenyewe naiogopa.”

“Jibu ndilo hilo, daktari,” Baba Rehema alisema kwa upole. “Lakini wa huku wote ndivyo walivyo.”

“Wote?”

“Wote.”

Daktari Marwa akavuta kiti. “Baba Rehema, mimi ni mgeni, nisahihishe. Yule wa kawaida yuko dunia nzima. Newala tu ndiko hakufika?”

Lilikuwa swali zuri, na hakuliuliza kwa dharau. Baba Rehema naye hakukasirika. Alikuna kichwa. Mimi nilikuwa nimeshika tyubu iliyosomwa, naigeuzageuza, na ghafla nikahisi vidole vyangu vinaniambia kitu. Tyubu ilikuwa baridi, ubaridi wa maji ya mtungini. Nikamwangalia Baba Rehema na sweta lake. Nikamwangalia daktari na jaketi lake. Nikajiangalia mwenyewe, nimejifunga kanga mbili chini ya koti jeupe. Chumba kizima tulikuwa tumejifunika, isipokuwa zile chembe.

“Baba Rehema,” nilisema, “ulizitega wapi?”

“Hapo dirishani. Rafu ya dirishani, kama tulivyofundishwa.”

“Na Mama Anjela.”

“Na Mama Anjela.”

Hapo nikacheka, nikashindwa kujizuia. “Mama Anjela alikuwa na Masasi,” nikasema. “Sisi hapa tuna nini?”

Umeme haukuwepo, na inkubeta mnaijua habari yake. Maji ya moto ya jiko la mkaa yanachemka na kupoa yanavyotaka yenyewe. Lakini kulikuwa na kitu kimoja chumbani mle chenye joto la mwili wa mtu, nacho kilikuwa mwili wa mtu. Tukahitaji seramu mpya. Baba Rehema akakunja sweta, akanyoosha mkono, nikamtoa damu. Ilipoganda na kutulia tukaitia kwenye tyubu mbili, na mimi nikachovya chembe za Mama Ajira kidogo kabisa, ncha ya kijiti, nikisikia sauti ya Mama Anjela sikioni. Seramu ileile, chembe zilezile. Tyubu moja tukaiweka kwenye rafu ya dirishani. Ya pili nikaikaza kifuniko, nikaizungushia pamba, nikaitia kwenye nailoni nikaifunga, nikaisunda kifuani na kukaza kanga juu yake.

Msithubutu kuiga. Leo mkaguzi wa usalama akikukuta na tyubu ya vijidudu kifuani ataandika mpaka kalamu iishe wino, na atakuwa na haki. Nawaeleza tu tulivyokuwa.

“Damu ya Mmakonde kwenye kifua cha Mmakua,” Baba Rehema alisema. “Mama Rehema asisikie.”

“Mwambie inapashwa moto tu.”

Nikakaa. Nilihesabu chembe za damu za wagonjwa wengine, nikanywa chai, nikatembea kama mwanamke aliyebeba kitoto mgongoni, ila mimi kilikuwa mbele. Daktari Marwa alichungulia mlangoni, akanitazama kanga, akaona aibu kuuliza, akaondoka. Ajira naye alikuja. Alisimama kizingitini, akaniamkia, akauliza kama aanze kufunga mizigo ya safari, maana gari la wagonjwa lilikuwa limeshaulizwa mafuta.

“Subiri kwanza, mwanangu.”

“Nasubiri nini, mama?”

Nilisema, “Nakaa nacho hapa,” nikajigusa kifuani. Sidhani kama alinielewa, lakini alikaa kwenye benchi la nje na hakufunga mizigo. Niliogopa. Nawaambia wazi, niliogopa kwamba fangasi wa Newala kweli hawana mkia, na kwamba nimemkalisha mtoto wa watu kwenye benchi kwa ukaidi wangu wa Kimakua.

Saa mbili na kitu zilipopita, tulianza na tyubu ya dirishani, Baba Rehema ndiye aliyetaka hivyo. Akatazama, akasema, “Viduara.” Kisha nikafungua kanga, nikafungua nailoni, nikaweka tone kwenye slaidi, nikamwachia kiti. Ilikuwa maabara yake kabla haijawa yangu. Akainama. Akazungusha kioo cha hadubini kutafuta mwanga. Akatazama mpaka nikataka kumvuta sweta.

“Mama Salima.”

“Nakusikia.”

“Zina mikia.” Akainua kichwa, macho yanamng'aa. “Hazina kiuno. Mikia mitupu! Hawa wa kwetu nao wana mikia!” Na yeye, mtu mzima mtaratibu, akapiga kelele kiasi kwamba wagonjwa wa nje walisimama. Nikamwambia hapa si harusini. Akasema leo ni harusini.

Daktari Marwa alitazama slaidi za tyubu zote mbili, akanipa mkono, akampa Baba Rehema mkono, akaenda wodini anakimbia na jaketi lake. Mama Ajira akabaki Newala. Alipewa dozi kamili, muuguzi anasimama mpaka aonekane amemeza. Sukari ikashushwa, na ikajulikana kwamba msimu mzima alikuwa anakunywa juisi ya mabibo kwa sababu ndiyo pekee iliyopita kooni, akimlisha fangasi wake bila kujua. Utando ukaanza kumeguka. Aliruhusiwa siku niliyokuwa Masasi kwa kazi, sikumwona akiondoka. Nikasikitika, kwa sababu ya ahadi ya ming'oko.

Baadaye nilipelekwa kwenye mafunzo, na huko mhadhiri mmoja, binti mdogo kuliko Salima wangu, alitufundisha kinachotokea ndani ya chembe ile. Ngozi yake, alisema, ina vipokezi. Seramu ikigusa nje, habari inapokelewa, inakabidhiwa kwa mjumbe wa ndani, mjumbe anamwamsha mwingine, huyo anamwamsha mwingine, mpaka taarifa inafika kwenye kiini, na kiini kinatoa amri: acha uduara, jenga mkia. Na kuna protini moja inayoikandamiza njia ile ya ujumbe wakati wa baridi. Joto la mwili likifika, protini ile inalegeza mkono, habari inapita. Chembe za Newala zilikuwa zinapata habari siku zote. Sisi tuliziacha kwenye baridi, mlango ukiwa umeshikwa.

Niliinua mkono nikauliza lile swali ambalo Mama Anjela hakuwa na jibu lake: kwa nini ukijaza hazitoi mkia? Binti akatabasamu. Akasema zinasemezana. Kila chembe inatoa kitu kidogo majini, zikiwa nyingi kinajaa, na zote zinasoma kwamba tumebanana, pasitokee wa kujitanua. Nilimpigia Mama Anjela simu jioni hiyohiyo, akiwa ameshastaafu kwao Kilimanjaro. Akasema, “Kumbe.” Halafu akaniuliza kama kucha ninakata.

Leo mna inkubeta ya sola yenye namba nyekundu, na kipimajoto cha pili ndani yake kwa sababu nimegomba. Nikiondoka na fahari moja kwenye kazi hii ni kwamba pale ukutani juu ya inkubeta, kwa mwandiko wa Baba Rehema, pameandikwa: TYUBU IPATE JOTO LA MTU. Msilipake rangi neno hilo. Na mgeni kutoka bondeni akiwaambia za huku hazina mkia, mwambieni ashike tyubu kwa mkono kwanza.

Sasa mmemjua mwenye sufuria. Sikumwalika, sikujua hata kama yu hai. Alisikia Chilangala kwamba yule mama wa maabara anaagwa, akachemsha ming'oko, akapanda gari. Mliona alivyopita katikati ya viti vya wakubwa bila kumwamkia mtu mpaka alipofika kwangu.

“Nilikwambia utanitazama,” alisema. “Ukatorokea Masasi.”

Mmoja wenu, mwema, akamkimbilia na glasi ya maji. Akaisukuma. Akachukua mng'oko mnene, akaumenya taratibu, akautafuna macho kwangu, bila kuyafumba. Koo likapanda, likashuka. Akala wa pili. Kisha akafungua mdomo wazi mbele ya watu wote, akanisogezea uso. Nami, kwa mazoea ya kazi, nikafuta machozi nikachungulia.

Ulimi ulikuwa safi.